Misimbo ya F13 (dawa za usingizi na kutuliza): tusimpe mgonjwa ugonjwa ambao hana

Mleta uzi

Wakuu habari za wakati huu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auweke alama aje ausome ametulia. Nauandika kwa ajili ya makoda (wanaogeuza maneno ya daktari kuwa misimbo), wanaosomea ukoda, matabibu na wauguzi wanaojaza mafaili, na yeyote ambaye nyumbani kwake kuna mtu anameza diazepamu au klonazepamu kila siku. Mimi kazi yangu ni kuweka misimbo hospitalini huku Marekani, kwahiyo nitaongea zaidi mfumo wa huku wa misimbo ya magonjwa, ICD-10-CM, ule ulioanza kutumika 1 Oktoba 2015. Nyumbani nitagusia pia maana najua humu kuna watu wako Dar na Nairobi wanasomea mitihani ya huku na mifumo miwili, huu na ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani (WHO), inawagongana kichwani.

Kilichonisukuma ni hiki. Unafungua faili la mama mtu mzima, ameandikiwa lorazepamu na daktari wake miaka na miaka, anameza kidonge jioni kama alivyoambiwa, hajawahi kuongeza, hajawahi kwenda kwa daktari wa pili kutafuta nyingine, halafu ukishuka chini kwenye tathmini unakuta maneno machache tu, "utegemezi wa benzo, aendelee na dawa". Basi, imeisha hiyo. Koda akiyafuata maneno hayo kwenye faharasa anaangukia F13.20, msimbo unatumwa bima, unaingia kwenye orodha ya magonjwa ya yule mtu, na kila atakayefungua faili lake kuanzia siku hiyo anasoma kwamba huyu ana ugonjwa wa uraibu wa dawa za usingizi. Kampuni ya bima ya maisha ikiomba kumbukumbu zake nayo itausoma huo huo. Na mgonjwa mwenyewe hana habari kabisa.

Sasa twende kwenye msimbo wenyewe. F13 ni nyumba ya benzodiazepini zote (ndo hizo benzo, kama diazepamu na lorazepamu), babicharati kama fenobabitali, na dawa za usingizi za kizazi cha baadae kama zolpidemu. Ndani kuna vyumba vitatu tu kwa mfumo wa huku: F13.1 matumizi mabaya, F13.2 utegemezi, F13.9 matumizi yasiyobainishwa. Ukishajua chumba ndo unaongeza tarakimu za mbele kueleza kinachoendelea, kama mgonjwa amelewa dawa, kama yuko kwenye arosto (mateso anayopata mwili ukikosa dawa uliyoizoea), kama ana tatizo la hisia au usingizi lililoletwa na dawa. Daktari akiandika mawili au matatu kwa dawa moja ndani ya ziara hiyo hiyo, huweki yote. Matumizi na matumizi mabaya, unachukua matumizi mabaya. Utegemezi ukiwepo, unafunika vyote. Hiyo ipo kwenye mwongozo rasmi sura ya magonjwa ya akili na haina mjadala.

Mjadala uko kwenye neno utegemezi. Madaktari wa akili huku wanatumia DSM-5, kitabu chao cha vigezo vya magonjwa ya akili kilichotoka 2013 na kurekebishwa 2022, na kile hakina tena "matumizi mabaya" na "utegemezi" kama magonjwa mawili, kina ugonjwa mmoja wa matumizi ya dawa wenye viwango. Kuna dalili 11, unaangalia miezi 12 iliyopita. Anameza nyingi au kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia, ametaka kupunguza akashindwa, muda mwingi unaisha kuitafuta dawa, kuitumia au kusubiri imtoke mwilini, ana hamu kali nayo, kazi na shule na nyumbani vinalegalega, anagombana na watu na bado anaendelea, ameacha mambo aliyoyapenda, anameza halafu anaendesha gari, anajua inamuumiza na haachi, mwili umeizoea mpaka dozi haifanyi kitu, na akikosa anapata arosto. Dalili 2 au 3 ni kiwango kidogo, 4 au 5 cha kati, 6 kwenda juu ni kikali. Kidogo kinaenda F13.10, cha kati na kikali vyote vinaenda F13.20.

Hapa naomba msome taratibu. Zile mbili za mwisho, mwili kuzoea na arosto, HAZIHESABIWI kwa mtu anayemeza dawa chini ya usimamizi wa daktari kama alivyoandikiwa. Iko wazi kwenye kitabu. Yaani yule mama wa lorazepamu ya jioni ambaye akikosa dozi anatetemeka, kwa kigezo hicho ana dalili sifuri. Hana hata kiwango kidogo. Mwili wake umeizoea dawa, na hilo linampata mtu yeyote, mamlaka ya dawa ya huku, FDA, ilipoongeza onyo lake zito kwenye benzodiazepini zote Septemba 2020 ilisema mwili unaweza kuzoea ndani ya siku kadhaa mpaka wiki za kumeza mfululizo hata kama mtu anafuata maelekezo vizuri tu. Mwili kuzoea ni kitu kimoja, ugonjwa wa uraibu ni kitu kingine, ila daktari mwenye haraka anaviandika vyote kwa neno moja hilo hilo na mzigo unamwangukia koda.

Na koda hana ruhusa ya kujifanyia maamuzi. Mwongozo kipengele I.A.19 unasema msimbo unawekwa kwa kauli ya daktari kwamba ugonjwa upo, wewe huendi kuhesabu dalili ukasema huyu hana, ukafuta. Vilevile huwezi kuona kipimo cha mkojo kimesoma benzo ukaongeza F13.90 mwenyewe, kipimo sio utambuzi, na ile F13.9 yenyewe inataka daktari awe ameunganisha matumizi na ugonjwa fulani. Njia yako ni moja, kumwandikia daktari swali. Nitarudi kwenye swali baadae maana nalo lina adabu zake.

Ngoja niweke mfano wa kutunga, sio wa mtu yeyote. Daktari angeandika hivi: "Mama wa miaka 61. Klonazepamu miligramu 0.5 mara mbili kwa siku tangu 2016 kwa ugonjwa wa wasiwasi wa jumla. Anameza kama alivyoandikiwa, hajaongeza dozi, hana hamu ya dawa, hakuna shida nyumbani wala kazini. Mwili umeizoea, aliwahi kukosa dozi akatetemeka na kukosa usingizi. Hana ugonjwa wa matumizi ya dawa. Tumekubaliana kupunguza taratibu." Mistari michache tu hiyo wakuu! Koda hapo anaweka F41.1 kwa wasiwasi na Z79.899 kwa dawa ya muda mrefu, F13 haigusi kabisa. Angalia kilichofanya kazi hapo: jina la dawa na dozi, tangu lini, kwa sababu gani, anaimezaje, na ile sentensi moja ya "hana ugonjwa wa matumizi". Bila hiyo sentensi tunabaki tunakisia.

Na kama upo, andika upo. Simtetei mtu asiandikiwe ugonjwa alionao. Mtu anayenunua alprazolamu mtaani, ana dalili 7, anaendesha lori, huyo ukimficha nyuma ya Z79.899 umemnyima matibabu na bima haitalipia kliniki anayoihitaji. Kwahiyo "ugonjwa wa matumizi ya dawa za kutuliza, kikali, alprazolamu, hana daktari anayemwandikia" ndo maneno yanayomsaidia.

Nitaendelea na arosto na sumu, nipeni muda kidogo.

Tabibu, Morogoro

Mkuu asante kwa darasa. Ila umenichanganya hapo F13.20. Mimi nimefundishwa kwa ICD-10 ya WHO na kwenye kile kitabu cha magonjwa ya akili F13.20 ni mtu ambaye ana utegemezi ila kwa sasa ameacha. Wewe unasema ndo mwenye utegemezi kabisa. Nani yuko sahihi?

Mleta uzi

Tabibu wote tuko sahihi na umegusa penyewe, hili linawaangusha wengi kwenye mitihani. ICD-10-CM ya huku ilichukua mifupa ya WHO ikaijenga upya. Kwa WHO tarakimu ya nne inasema hali ya mgonjwa: F13.0 amelewa dawa, F13.1 matumizi yenye madhara, F13.2 utegemezi, F13.3 arosto, F13.4 arosto yenye kuweweseka, F13.5 wazimu ulioletwa na dawa, inaendelea hivyo mpaka .9. Huku F13.3 HAIPO. Ukiiandika mfumo unaikataa. Arosto huku inaingia ndani ya chumba, kwa mfano F13.230 ni utegemezi pamoja na arosto isiyo na makubwa, F13.231 ni arosto ya kuweweseka, F13.232 ni ya kuona au kusikia vitu visivyokuwepo akiwa na fahamu zake.

Na kwenye tarakimu ya tano ndo hatari kabisa kama ulivosema. Kwenye kile kitabu cha WHO F13.20 ameacha kwa sasa, F13.24 anatumia kwa sasa. Huku F13.20 ni utegemezi usio na tatizo la ziada, aliyeacha ni F13.21, na F13.24 ni utegemezi ulioleta tatizo la hisia kama sonona. Kwahiyo mtu akihamisha msimbo kutoka faili la Tanzania kuja mfumo wa huku bila kusoma maelezo, aliyeacha anageuka mraibu wa leo na anayetumia anageuka mgonjwa wa sonona. Msibebe msimbo mtupu wakuu, bebeni maneno ya daktari.

Tofauti nyingine, WHO kwenye ICD-10 utegemezi unahitaji dalili 3 kati ya 6 ndani ya mwaka. ICD-11, iliyoanza rasmi 1 Januari 2022, imezibana zikawa makundi 3 na inataka 2, na dawa hizi zimehamia 6C44, ambapo 6C44.2 ni utegemezi na 6C44.4 ni arosto.

Mleta uzi (inaendelea)

Haya arosto. Vijana wetu wa heroini wamelizoea hili neno, ila arosto ya benzo ni nyingine kabisa na naomba anayesoma hili kwa ajili ya ndugu yake asiichukulie poa. Ya heroini inatesa vibaya mno lakini mara chache inaua yenyewe, ya benzo na ya pombe inaweza kuleta degedege na kuua. Ndio maana hakuna kukata ghafla kwa mtu aliyemeza muda mrefu. Mwongozo wa pamoja wa 2025 wa chama cha madaktari wa uraibu wa huku, ASAM, unashauri kuanza kupunguza asilimia 5 hadi 10 kila wiki 2 mpaka 4, na isizidi asilimia 25 kwa kila wiki 2. Hii sio ya kufanya mwenyewe chumbani, ni ya daktari na mgonjwa pamoja.

Kwenye misimbo, zamani kulikuwa na tundu. Mwenye kiwango kidogo akipata arosto hapakuwa na pa kumweka, kwa sababu arosto ilikuwa chini ya utegemezi na chini ya matumizi yasiyobainishwa tu, kwahiyo mtu alikuwa anapandishwa kuwa mtegemezi ili msimbo ukubali. Kuanzia 1 Oktoba 2020 wameongeza F13.130, F13.131, F13.132 na F13.139. Kwahiyo leo ukimkuta mtu bado anasema "arosto maana yake utegemezi" mwambie asome upya.

Na yule mama yetu wa dawa ya daktari akipata arosto ya kweli? Ana makazi yake, F13.930, arosto bila ugonjwa wa matumizi. Na kama arosto imetokea kwa sababu aliacha au alipunguza dozi mwenyewe, unaongeza T42.4X6A ya kumeza pungufu, hiyo haikai namba moja hata siku moja, inafuata nyuma. Na sababu yake ina msimbo pia. Kama bima ilikatika akashindwa kununua, Z91.120, ameacha kwa kukosa hela. Mimi huu msimbo nauthamini sana maana ndo unaosema ukweli wa watu wengi huku, mtu hajakaidi wala hajalewa, hana hela ya dawa, na asipoandikiwa hivyo faili linamsoma kama mkorofi. Daktari akiandika tu "hafuati dawa" hakuna atakayejua.

Sumu sasa. Hapa watu wanachanganya kulewa dawa na ovadozi. Mtu amemeza vidonge vingi kuliko alivyoandikiwa, au ameimeza pamoja na pombe, au amepewa ya mtu mwingine, akaletwa hajitambui: hiyo ni sumu, T42.4X kwa benzodiazepini, T42.3X kwa babicharati, na zolpidemu iko T42.6X. Sumu inatangulia, halafu yaliyompata, kama kushindwa kupumua au kupoteza fahamu, halafu kama daktari ameandika kuna utegemezi F13.20 inafuata nyuma. Tarakimu ya sita inasema nia: 1 bahati mbaya, 2 kujidhuru, 3 amefanyiwa na mtu, 4 haikuweza kujulikana, 5 madhara ya dawa iliyomezwa sawasawa, 6 pungufu. Nia isipoandikwa kabisa tunaenda na 1, na 4 ni pale tu daktari anaposema wazi kwamba nia haikujulikana. Naomba madaktari wasilale hapo. Ukimwacha aliyetaka kujiua akasomeka 1, anatoka wodini bila mtu wa kumfuatilia.

Ile 5 ina utaratibu wa kinyume. Mzee amemeza diazepamu yake sawasawa, akapata kizunguzungu akaanguka akavunjika nyonga, hapo kilichompata kinatangulia na T42.4X5A inafuata. Hajakosea kitu yule mzee, dawa ndo imemfanyia hivyo, na msimbo unatakiwa kusema hivyo hivyo.

Muuguzi, Mombasa

Ahsante sana ndugu yangu, somo limetulia. Huku kwetu pwani tunapokea sana watu waliotiwa mchele (dawa ya kumlaza mtu ili aibiwe) kwenye vinywaji, mtu aletwa na bodaboda hana simu hana pochi hajijui. Kwenye rejesta wengi wanaandika "amelewa" basi. Wakati mwingine ni vijana wa bugizi wenyewe wamejimezea. Hawa wawili tuwatenganishe vipi?

Mleta uzi

Dada swali lako ni zito na nashukuru umelileta. Kwa wasiojua, bugizi ndo jina la mtaani la flunitrazepamu huko pwani, nayo ni benzodiazepini kama zingine, iko F13 na iko T42.4.

Aliyetiliwa hana ugonjwa wowote wa F13, huyo amefanyiwa uhalifu. Kwa ICD-10 ya WHO, kama ndo mnayotumia, unaandika T42.4 kama inajulikana au inadhaniwa na daktari kuwa benzo, na sababu ya nje X85, kushambuliwa kwa dawa. Huku kwetu vyote vimeunganishwa, T42.4X3A. Kijana aliyejimezea kutafuta stimu mpaka akazimika, T42.4 na X41, na kama aliandika au alisema anataka kufa ni X61, haijulikani kabisa ni Y11. Halafu kama daktari amethibitisha uraibu wa bugizi, F13.2 inaingia.

Ila kwenye rejesta yako jambo kubwa ni maelezo kabla hata ya msimbo. Aliletwa na nani, saa ngapi, alikuwa wapi na nani kwa maneno yake akizinduka, anakumbuka mpaka wapi, nini kimepotea, kuna majeraha au dalili za kuingiliwa, mkojo umechukuliwa saa ngapi. Saa ni muhimu mno kwa sababu dawa hizi nyingine zinapotea mwilini haraka na polisi wakija wiki ijayo hakuna ushahidi zaidi ya karatasi yako. Neno "amelewa" linamfungia yule mtu mlango wa haki. Andika "anadai aliwekewa kitu kwenye kinywaji", hujahukumu mtu, umeandika alichosema.

Na moja la kitabibu kwa sababu nimeona watu wanaliulizia: flumazenili, dawa ya kuzindua, sio ya kumchoma kila anayeletwa. Kwa mtu ambaye mwili wake umezoea benzo inaweza kumletea degedege papo hapo. Kwahiyo ile historia ya "anameza kila siku tangu lini" inaokoa maisha pale mapokezi kabla haijafika hata kwa koda.

Mwanafunzi, Nairobi

Boss hii ni moto. Maswali mawili. Moja, mgonjwa ako na heroini na pia benzo, naweka F19 moja ya dawa nyingi nimalize ama? Mbili, hiyo swali ya daktari inaandikwa aje, juu tumeambiwa tusimwelekeze.

Mleta uzi

Mdogo wangu, F19 acha kuikimbilia. Daktari akitaja kila dawa, kila dawa inakaa kwake: F11 heroini, F13 benzo, F10 pombe, kila moja na kiwango chake na hali yake ya leo. Anaweza kuwa na F11.20 na yuko imara kwenye methadoni (dawa ya kutibu uraibu wa heroini), na F13.230 yupo arosto ya benzo siku hiyo hiyo. F19 ni kwa dawa isiyo na nyumba yake, au daktari ameandika "dawa mchanganyiko" na hakutaja hata moja, na hiyo ya pili mimi naiandikia swali kwanza. Na jambo hili sio la karatasi tu, benzo na afyuni (kama heroini) pamoja zinazima pumzi, FDA iliweka onyo zito kuhusu huo mchanganyiko Agosti 2016. Kule Muhimbili methadoni inatolewa tangu 2011, na muuguzi wa dirishani akijua mteja wake anameza diazepamu za mtaani atamwangalia kwa jicho lingine kabla ya kumpa dozi. Akisoma "dawa mchanganyiko" hajaambiwa kitu.

Swali la daktari sasa. Lisitaje hela, lisimwambie jibu unalolitaka, liweke kilichomo kwenye faili na liache nafasi. Mimi kwa kesi ya yule mama ningeandika hivi:

"Daktari, ziara ya leo imeandikwa utegemezi wa benzo. Faili linaonyesha klonazepamu 0.5 mara mbili kwa siku tangu 2016, anameza kama alivyoandikiwa, hakuna rekodi ya kuongeza dozi. Tafadhali fafanua hali ya mgonjwa kwa maoni yako ya kitabibu: ugonjwa wa matumizi ya dawa za kutuliza, kiwango kidogo, cha kati au kikali, mwili kuzoea dawa iliyoandikwa bila ugonjwa wa matumizi, nyingine, eleza, haiwezekani kubainisha."

Ona, sijamwambia "ondoa utegemezi". Nimempa alichokiandika yeye, nimempa njia zote zenye mantiki, na njia ya kutoka. Akijibu kikali na akaeleza, naweka F13.20 na nafsi yangu imetulia. Kuna sehemu za kazi koda anasukumwa asiulize kwa sababu F13.20 kwenye mipango ya Medicare (bima ya serikali ya wazee huku) inayoendeshwa na kampuni binafsi inaweza kupandisha kiwango cha hatari ya mgonjwa na hela ikaongezeka. Mkikutana na hilo kataeni, mkaguzi akija ataomba faili, na faili likiwa na maneno matatu hakuna wa kukutetea, ila mimi kinachoniuma kuliko ukaguzi ni yule mama.

Mdau, Columbus

Kaka nimesoma uzi wote mpaka nimeishiwa nguvu. Mama yangu yuko huku na sisi, anameza hizo za wasiwasi miaka, juzi nimefungua akaunti yake ya hospitali kumsaidia kuangalia miadi nikakuta hilo neno la utegemezi kwenye orodha. Hajawahi kuvuta hata sigara. Nilidhani nimeelewa vibaya kiingereza. Linatoka hilo?

Mleta uzi

Pole ndugu yangu, na umefanya vizuri kufungua hiyo akaunti. Linaweza kutoka au kurekebishwa, ila kwa utaratibu.

Kwanza dawa ASIACHE. Nasisitiza kwa sababu najua mzee akisikia ameandikiwa uraibu anaweza kutupa vidonge chooni kwa aibu, na hapo ndo utapata degedege la kweli.

Pili, sheria ya faragha ya huku, HIPAA, inampa mgonjwa haki ya kuomba kumbukumbu zake zirekebishwe. Anaandika barua, au unamwandikia yeye anasaini, anataja tarehe ya ziara, maneno yaliyoandikwa, na kwa nini sio sahihi: anameza kama alivyoandikiwa, hajawahi kuambiwa na daktari kwamba ana ugonjwa wa matumizi. Hospitali wana siku 60 za kujibu, wanaweza kuongeza 30 mara moja wakieleza sababu kwa maandishi. Wakikataa lazima watoe sababu kwa maandishi, na mama ana haki ya kuweka tamko lake la kutokubali likakaa kwenye faili.

Tatu, kabla ya barua, mwende kwa daktari aliyeandika, mkae nae. Muulize swali moja tu, "daktari, mama ana ugonjwa wa matumizi ya dawa, au mwili wake umezoea dawa uliyomwandikia?" Wengi wao ukiwauliza hivyo wanajibu la pili bila kusita, ni neno la mkato waliloandika. Muombe aandike hiyo sentensi kwenye ziara ya siku hiyo na aitoe ile ya zamani kwenye orodha ya magonjwa ya sasa. Madai yaliyokwisha kwenda bima yana utaratibu wake mwingine, ila ziara zinazofuata zitaanza kusomeka sawa.

Ila usikubali waitoe kwa kumweka "yuko kwenye nafuu", F13.21 au F13.11. Inasikika vizuri lakini maana yake ni kwamba aliwahi kuwa na ugonjwa huo na umetulia, na kwa DSM-5 nafuu ya mwanzo ni miezi 3 mpaka kabla ya 12, ya kudumu ni kuanzia 12, kwa mtu aliyewahi kutimiza vigezo. Mama yako hajawahi kuvitimiza, sasa atapataje nafuu ya ugonjwa ambao hakuwa nao?

Mdau, Columbus

Ahsante sana kaka, Mungu akubariki. Ana miadi wiki ijayo, nitaenda nae nimeandika hilo swali kwenye simu.

Tabibu, Morogoro

Mkuu la mwisho kutoka kwangu. Sisi huku dirisha la wagonjwa wa nje watu wamejaa mpaka nje, ile mistari yako ya yule mama ni mirefu kwa dakika tulizonazo. Ukiniruhusu niandike vitu vichache tu, nichukue vipi?

Mleta uzi

Tabibu naijua foleni hiyo, siwezi kukudai insha. Jina la dawa, sio "dawa za usingizi". Nani anampa, wewe, duka au mtaani. Anamezaje kulinganisha na alivyoandikiwa. Leo yukoje, mzima, amelewa dawa au arosto. Halafu uamuzi wako, ana ugonjwa wa matumizi au hana, na kama anao ni wa kiwango gani. "Diazepamu 5 usiku, naandika mimi, anafuata, leo mzima, hana uraibu" ni maneno kumi. Atakayekuja baada yako, awe koda, mfamasia au daktari wa rufaa, ataelewa kila kitu.